Stauti

Stauti yako haijazunguka tangu masika ya mwaka juzi.
Kuku wa Nyanzala wanatagia kitini,
na bodi bado inanuka dagaa
hata mvua ikipiga siku tatu.

Nilizitoa plagi nne, nikazipanga juu ya gunia.
Kila tundu nikalimiminia dizeli na mafuta ya breki,
nusu kwa nusu, kwa kifuniko cha soda.
Fundi Masalu alisema: "Usiilazimishe.
Chuma kilichoshikana na chuma
hakiachanishwi kwa hasira. Iache ilale."

Ikalala Jumatatu. Ikalala Jumanne.
Jumatano nikatia spana kwenye puli,
nikachomeka bomba la maji kwenye mpini,
nikaning'inia kama nguo iliyoanikwa.
Kimya.
Jirani akapita na ndoo yake:
"Si uuze chuma chakavu? Nyakato wananunua kwa kilo."

Sikumwambia kwamba ni mimi
niliyeitoa Kayenze, mshale wa joto umelalia wekundu,
nikaona, nikaendelea kukanyaga,
kwa kuwa dagaa walikuwa wamenyeshewa, hawakai hadi kesho,
na wewe, baba, ulikuwa Bugando
unangoja pesa ya kipimo.
Dagaa waliwahi Mwaloni.
Hukuniuliza habari za gari.

Jumamosi alfajiri, wadudu wa ziwani
wamesimama juu ya maji kama moshi wa tanuri,
nikaning'inia tena.

Tak.

Unene wa ukucha, si zaidi.
Nikashuka, nikachora alama ya chaki kwenye puli,
nikaongeza kifuniko kimoja kila tundu,
nikawafukuza kuku kitini.