Nusu Zamu ya Bure

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husema watu.
Hii haikuweza hata moja:
kilo mia sita na arobaini,
imekaa bandani kwa Gunvaldis, nje kidogo ya Valmiera,
chini ya turubai na mavi ya mbayuwayu
tangu kiwanda cha mizani kilipofungwa.

Nilikwenda Februari, theluji ikinifika magotini,
mfukoni bahasha ya yuro mia tisa
ambazo Ojars alidhani ni za paa la banda la kuni.
Alidhani hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia.

Sinunui kwa macho.
Nilivua glavu, nikapitisha ukucha
juu ya reli za meza, mwisho hadi mwisho.
Pembeni uligota kwenye mikwaruzo ya fundi wa kwanza,
ile midogomidogo ya kushika mafuta, ingali mibichi.
Katikati, hakuna. Ukucha uliteleza
kama kwenye kizingiti cha kanisa.
"Hapo ndipo tulipofanyia kazi," alisema.
"Huko pembeni hakuna aliyekwenda."

Nikazungusha gurudumu kulia, meza ikatii.
Nikarudisha kushoto: kimya.
Robo zamu. Nusu.
Mkono unakwenda, chuma hakina habari,
halafu kikashtuka, kikafuata.
Nikamtazama usoni. Angeweza kusema ni baridi,
ni grisi imeganda, ngoja ipate moto.
"Nusu zamu," alisema. "Atakayekwambia robo, anakuuzia."

Hapo nilikwisha kununua, ila sikumwonyesha.
Tulivutana saa nzima juu ya chai na mkate mweusi,
yeye elfu na mia, mimi mia saba;
akaongeza jiliwa, nikaongeza hamsini;
akaenda chumbani akarudi na kasha la visu vya kuchongea,
kila kimoja kimeviringishwa kwenye soksi ya mtoto,
na sikuuliza ni mtoto gani.
Mia nane na themanini.
Ishirini zilizobaki zilikuwa za dizeli ya Raitis, mwenye trela.

Ojars alisimama mlangoni kwetu.
Aliitazama trela, akanitazama mimi,
akalitazama paa.
Kisha akaleta mtaimbo, akang'oa fremu ya mlango,
kwa kuwa sentimita nne zilipungua,
na tukaisukuma ndani juu ya mabomba ya maji,
bomba la nyuma likihamishiwa mbele,
hatua kwa hatua, kama watu wanaohamisha mfalme mlevi.
Neno hakusema hadi Jumanne.

Umeme wetu ni wa fezi moja, yenyewe inataka tatu.
Hilo lilikula Machi yote, na kidogo mshahara wa Aprili.

Gia ya kwanza ilikuwa ya Velta, jirani,
ya mashine yake ya kufuma ambayo vipuri vyake
havitengenezwi tena popote chini ya jua.
Meno ishirini na manne. Nilipofika la kumi na saba
nilipitiliza kidogo, nikarudi nyuma kidogo,
nikasahau ile nusu.
Jino likatoka jembamba kama la paka.
Nikaanza upya, nikijiambia kwa sauti:
ukipitiliza, rudi mbali, rudi kuliko unavyohitaji,
kisha njoo tena kwa upande uleule.
Velta alipata gia yake. Nikapata jozi mbili za mitandio,
moja ya Ojars, ambaye bado anaamka usiku
kumwaga ndoo bandani.

Mei, simu ililia. Gunvaldis.
Hakuuliza kama nimeridhika.
"Kwenye gia ya tatu, bado inalalamika?"
"Bado. Hasa asubuhi."
"Naam," alisema. "Asubuhi."
Kisha hakusema kitu.
Sikukata. Nilishika simu
nikaiacha izunguke bure,
hadi upande wa pili ukashika, ukavuta pumzi,
akaniuliza mafuta natumia namba ngapi.