Uso wa Nikeli

"Miaka thelathini na mmoja ughaibuni,
na kazi yako kutazama uso wa bati?"

Si bati, Shangazi Mwanahidaya. Ni nikeli,
kipande kidogo kuliko ukucha wako wa hina.
Nilikichuna kwa mvua ya agoni,
nikakifungia ndani ya chungu cha chuma,
nikanyonya hewa isibaki hata pumzi ya mbu.
Siku tatu nakipasha chungu moto.
Siku ya nne bomba linavuja.
Naanza upya.

Anacheka. Asema baba angenielewa:
Famau, fundi chokaa,
aliyeusugua ukuta huu wa Mkomani kwa jiwe
mpaka taa ikajiona.
Alinipiga kofi moja tu maishani,
nilipogusa lipu mbichi.
"Mkono una mafuta. Ukuta hausahau."

Ndiyo fizikia niliyokwenda nayo.
Mengine yalikuwa hesabu:
kwamba ndani ya kitu atomi zimeshikana pande zote,
ila zile za juu kabisa, za mwisho,
upande mmoja zimeachwa,
basi hudaka chochote kipitacho,
hata kisichotakiwa.

Barua ya kustaafu ilikuwa mistari minne.
Chungu amekirithi kijana mmoja;
sijamwambia habari ya bomba la tatu.

Napitisha kiganja chini ya kidaka, kushoto.
Vidole vitano, vya mtoto wa miaka saba.
Kumbe hakuviziba.

Shangazi aniita nioshe mikono,
chai inapoa.