Chini ya Sinki

Chiatura, mji wa manganisi:
vumbi jeusi hadi kwenye chumvi.
Nanuli, mpishi wa kantini ya mgodi,
huchora ndani ya kabati, chini ya sinki,
mahali macho ya wageni hayafiki:
komamanga, punda mwenye miwani,
marehemu mumewe akicheka kwa ufizi.

Jumanne bomba likapasuka.
Fundi Zviadi akaingiza kichwa, tochi kaiuma,
akakawia.
“Limeoza?” Nanuli akauliza, uso umemwiva.
Kimya.
Tochi ikatemwa.
Kisha sauti, kutoka humo kabatini:
“Huyu punda alinifundisha hesabu.”

Saa nzima sasa tangu bomba lizibwe.
Miguu ya fundi ingali imetokeza sakafuni.
Malipo hataki;
anauliza tu
kama kesho
litavuja tena.