Mguu Chini ya Kitenge

Nilifika Iringa alfajiri, Ruaha bado imejifunika ukungu
pale Ipogolo. Nikapanda kilima kwa bodaboda,
kamera ndani ya koti kama kifaranga,
kioo kisije kikatoka jasho.

Nilikuja kupiga majengo.
Watu nimewachoka: wakikuona wananyoosha kola,
wanauliza itatoka lini.
Jengo halina haraka wala halikudai nakala.

Soko kuu nililipiga kabla wenye vitunguu
hawajamwaga magunia. Boma la Wajerumani
nikalipiga kwa mbali, kuta nene
kama mtu aliyekula kiapo asiseme.
Mnara ulisema saa nne kasoro, mkono wangu saa mbili na robo.
Sikubisha.

Lakini nililolifuata lilikuwa Miyomboni:
ghorofa moja, bati limeiva kutu,
juu ya mlango mwaka wa saruji, 1937,
saba imekatika mguu.

Barazani cherehani. Nyuma yake Sevelina Nyenza,
pini nne mdomoni, anaongea bila kuziangusha.

"Kamwene."
"Kamwene, mama. Naomba nipige jengo."
"Piga. Mimi usinipige. Nadaiwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Kausha damu. Kuna kijana wao
anapita mitaani na simu, ananitafuta.
Nimewaambia nimehamia Mafinga.
Sasa wewe unitoe kwenye picha niko Miyomboni,
nimekaa kama bibi harusi?"

Tukapatana. Akatandaza kitenge kwenye kamba,
akaketi nyuma yake na cherehani yake.
Nikavuka barabara kinyumenyume.
Nikasubiri guta la viazi lipite,
nikasubiri wanafunzi wenye masweta ya kijani,
nikasubiri wingu litoke juu ya bati.
Jua la Iringa lina mikono baridi:
linakushika uso, halikupashi.

Nikabonyeza mara tatu,
na mara tatu nikaisikia cherehani nyuma ya kitenge,
tirrrr, kimya, tirrrr,
sketi ya mtu ilitakiwa saa sita.

Njombe, usiku, naikuza picha kwenye kompyuta.
Jengo limesimama sawasawa, mistari imenyooka,
kivuli cha roshani kimeangukia pale pale nilipokitaka.
Na chini ya pindo la kitenge
mguu mmoja, kandambili ya bluu,
kidole gumba kimeinuka juu ya pedeli
katikati ya mshono.

Ningeweza kuukata. Kukata nimezoea:
nimekata nyaya za umeme, mbwa, pikipiki,
nimekata nyuso za wagombea kwenye mabango.
Mguu nikauacha.
Ila picha sikumwonyesha mtu.
Nani ajuaye, labda yule kijana
anazijua hata kandambili za wadeni wake.

Kiangazi nikarudi.
Halmashauri nao walikuwa wameshalipiga:
X nyekundu, rangi ya mafuta, nguzo zote mbili,
moja imechuruzika hadi chini.
Kamba ipo. Kitenge hakipo.
Kwenye sakafu ya baraza, mashimo manne
ya miguu ya cherehani, na mbele yake
saruji imelika, imeng'aa kama sahani,
mahali kisigino kilipumzika
kila sketi ilipokwisha.

Nikamuuliza muuza vocha wa jirani.
"Amehamia Mafinga."
"Kweli, au ndivyo alivyokuagiza useme?"

Akaitazama kamera. Akanitazama mimi.
Akairudia kamera.
"Kwani wewe unamdai?"

Sikumjibu. Nikapiga magoti,
mimi mtu wa paa na minara,
nikapiga sakafu.
Mwanga ulikuwa mbaya.