Kulaza Ree Mbili

Jumamosi soko la Kibaigwa likishafunga mageti
tunabaki watano nyuma ya ghala la Mahinyila.
Meza ni kreti mbili na turubai lililotoboka,
taa inakula betri ya Fuso.
Kunde moja ni elfu mbili, njugumawe ni elfu nne,
na kwa kuwa hapa hakuna asiye na nafaka mfukoni,
mifuko hukung'utwa kwanza, nje, upepo ukishuhudia.

Mimi ndiye mpima mizani. Mchana kutwa
nasoma kilo za watu bila kuzisadiki sura zao.
Usiku huu nimegaiwa ree mbili,
ya kopa na ya uru,
nyekundu kama barabara ya Mlali baada ya mvua ya kwanza.
Nikazifunika kwa kiganja
kama mtu aliyeokota pete ya mwenzake.

Lingekuwa dau huru
ningesukuma rundo zima, wakimbie.
Kwetu dau lina kipimo:
mbili, mbili, kisha nne, kisha nne.
Kunde moja haimfukuzi mtu.
Chilongani ataingia na takataka zake,
Mama Nyemo ataingia kwa sababu ameshakaa,
Ndahani ataingia kwa sababu Mama Nyemo ameingia,
nami na uzuri wangu wote
nimebanwa katikati yao
kama bibi harusi kwenye foleni ya kisima.

Zikafunuliwa tatu:
sita, nane, tisa, zote shupaza.
Nikaweka kunde. Wakaweka wote.
Ya nne, kumi ya pau.
Weusi mtupu mezani,
hakuna hata chembe ya wekundu wangu.

Chilongani akaweka njugumawe.
Mahinyila, ambaye hajapandisha tangu Pasaka,
akakohoa, akaweka mbili.

Elfu nane tu.

Hilo *tu*.
Nimeona ghala likiuzwa kwa hilo *tu*,
nimeona mtu na pikipiki yake wakiachana.
Halina uzito, nimelipima,
mshale hautikisiki.

Mwaka ule baba alipanda mahindi, akaupuuza uwele.
Januari yalinifika kiunoni,
majani mapana, ya kijani cha kutukana;
wapita njia walisimamisha baiskeli kuyatazama.
Februari mbingu zikafunga.
Akanunua mbolea, mfuko mmoja tu.
Akanunua dawa, chupa moja tu.
Machi alikuwa bado anapalilia mabua,
na mama, jembe begani, hakuulizwa.
Sikumwelewa mpaka nilipojifunza karata:
baba alikuwa analipia Januari.

Ree mbili ni Januari.

Nikazitazama tena, si kwa kuhesabu,
kwa kuaga.
Kunde zangu zilizo katikati ya meza si zangu tena,
ni za meza; hazinidai ulinzi.
Nikazilaza kifudifudi.
Hazikutoa sauti. Nilidhani zingetoa.

"We mama wa mizani, umelala?" akacheka Ndahani,
akatupa za kwake pia, na Mama Nyemo akafuata.
Chilongani akasonya, akalipa, ya tano ikaja,
kwini ya kopa, nyekundu, imechelewa.
Mahinyila akaweka njugumawe moja zaidi.
Chilongani akatupa.
Mzee akavuta rundo kwa mkono mmoja
na kuzichanganya karata zake na zetu
kabla jicho halijafika.

Huenda alikuwa na saba.
Huenda hakuwa na kitu ila kikohozi.
Mwezi uliopita nililaza wafalme wawili
na nilikuwa nashinda; nilioneshwa, nikachekwa,
nikaenda nyumbani, nikala mlenda, nikalala vizuri.
Leo sijui,
na sijui yenyewe ina kilo zake.

Ndahani akagawa upya.
Nikapata mbili na tisa, rangi tofauti.
Nikazitupa bila kuzitazama mara ya pili.
Mbovu hujilaza zenyewe.