Mganga Hajigangi

Jumamosi, saa sita usiku, ghorofa ya tano, Upper Hill.
Chumba cha seva ni Julai mwaka mzima; nimevaa sweta mbili.

Kazi moja bado inakimbia, asilimia tisini na moja:
mikopo ya wanachama elfu tatu wa sacco.
Nyambane kwenye simu: "Si uiue tu?"
Ngoja. Anayekunywa uji hapokonywi bakuli.

Chai ya thamosi inapoa.
Mia.

Ndipo nazima ratiba, moja moja,
ya saa saba, ya alfajiri,
na ile ya Jumapili niliyoisahau mwaka jana
ikatuamkia katikati ya upasuaji.

Wewe uliyemtunzia kila mtu nakala,
yako alikutunzia nani?
Daftari lako la ndani, linalojua kila kitu kilipo,
nalinakili kwenye diski ya nje,
kisha naifungua nakala, nisome.
Nakala isiyofunguliwa ni ahadi ya mdeni.

Sasa lala.
Taa zinapepesa; jenereta inakohoa, inashika.
Nabonyeza.

Kwenye skrini nimebandika kijikaratasi, wino mwekundu:
Mumbua, ukifika asubuhi,
usisahau kumwamsha.