Birika la Birkat Mauz

Mama amefunua birika, ananionesha ndani:
ukoga mweupe, mgumu, umeng'ang'ania kitako.
"Hii ndiyo kazi uliyosomea?"
Ndiyo, mama. Hii hii,
ila mimi naifanyia kipande cha nyama
chembamba kuliko ganda la kitunguu.

Maji ya falaji hayana hatia.
Yamepita mawe ya mlimani,
kila tone limekopa chembe,
na deni hulipwa huku kwetu, jikoni.
Kaka Azzan kila mwaka huingia mferejini na patasi,
hugonga, huchokoa, hutoka na nyusi nyeupe.
Moyoni huingii na patasi.

Vali yake ni utando wa moyo wa ng'ombe.
Aliniuliza mara tatu, mara tatu nikaapa:
ng'ombe, si yule mwingine.
Utando ulitiwa dawa usioze,
na dawa ile ile iliyouzuia kuoza
ndiyo inayoikaribisha chokaa: pita, kaa.
Basi tunauosha tena, tunautoa mafuta,
tunafunga kila mlango ambao chokaa ingepiga hodi.
"Mnauosha kwa kitu gani?"
Nikameza mate.
Kwa spiriti, mama.
Alicheka mpaka akashika kifua,
pale pale penye mshono:
"Miaka sabini na moja sijaionja,
leo mmeniwekea moyoni!"

Sikumwambia habari za panya,
siku tisini wakibeba vipande chini ya ngozi,
wala rangi ninayodondosha kwenye kioo:
penye chokaa hugeuka pekundu,
pasipo nayo hubaki pamepauka.
Sikumwambia kwamba Jumatatu,
katika vipande kumi na viwili,
viwili viliwiva kama hina ya arusi
na hatujui kwa nini.

Yeye ametia ndimu kavu tatu birikani,
zile nyeusi, nyepesi kama njuga tupu,
kazitoboa kwa uma, kawasha moto.
Maji yakachemka, yakashika rangi ya chai.
Nilisimama nikitazama ukoga unavyoachia,
gamba moja, kisha kimya kirefu, kisha jingine,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wake,
ukihesabu.

"Wahesabu nini?"
Dakika, nikasema. Ndimu zisije zikazidi.